Adui wa Mkataba

Jirani yangu Bi. Mashavu anadai kwamba yeye ndiye aliyetekwa wa kwanza katika vita vile, na kwamba alitekwa akiwa anaanika mihogo. Anasema askari kumi na wawili walimzingira, wenye bunduki, wenye majani kichwani, wakamwamuru aweke mikono juu. Yeye akawaambia mikono imelowa maji ya mihogo, akiiinua yatawadondokea machoni. Wakashauriana. Kisha mkubwa wao akasema, basi, mama, inua mmoja. Bi. Mashavu anasema aliinua mmoja huku wa pili ukiendelea kugeuza mihogo, na kwamba hapo hapo ndipo jeshi lilipoanza kushindwa.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya ua, natwanga. Niliona askari mmoja, naye alikuwa anauliza choo kiko wapi. Lakini Bi. Mashavu ni mtu mzima, na sina sababu ya kumvunjia heshima. Serikali nayo imesimulia vita hivyo redioni, na nikilinganisha, uongo wa Bi. Mashavu ni mdogo zaidi. Ndiyo maana nimeanza na wake.

Sasa nieleze vita vyenyewe vilitoka wapi.

Nchi yetu, ambayo jina lake nimeshauriwa nisilitaje kwa sababu za kiusalama, ina jeshi zuri sana. Lina bendi tatu. Lina majenerali wengi kuliko mizinga, kwa hiyo kila mzinga unasimamiwa vizuri. Kitu kimoja tu lilikosa: adui. Jirani zetu wa kaskazini wana shida ya vitunguu kuwaozea ghalani, hawana nafasi. Wa kusini tumeoleana nao. Wa magharibi tuliwatumia barua ya vitisho, wakajibu kwamba wameipokea na wanatutakia mvua njema.

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi aliumia sana. Alisema redioni, sauti ikitetemeka: "Ndugu wananchi, jeshi lisilo na adui ni kama mwalimu asiye na wanafunzi. Chaki anayo, fimbo anayo. Atamchapa nani?"

Swali hilo halikumaliza wiki. Lilijibiwa na Kampuni ya Ngome na Wana.

Kampuni hii inahudumia serikali peke yake, maana mwananchi wa kawaida, inasema, hana mahitaji. Wizara ya Ulinzi ndiye mteja wake mkubwa, lakini si yeye tu. Wizara ya Kilimo ilinunua vifaru viwili vya kufukuzia kweleakwelea. Ndege wakaja kuvitazama, wakavipenda, wakajenga viota ndani ya mitutu, na sasa ni kosa kuvisogeza kwa sababu Wizara ya Maliasili inalinda mayai. Wizara ya Elimu ilinunua king'ora cha vita kiwe kengele ya shule. Watoto wa mkoa wetu hadi leo mapumziko yakiisha wanalala kifudifudi.

Kampuni ina vitengo vitano: Kitengo cha Kulisha Askari, Kitengo cha Kufua, Kitengo cha Usafiri, Kitengo cha Adui, na Kitengo cha Maeneo Yaliyokombolewa. Katika wilaya yetu vitengo vyote vitano ni mtu mmoja, anaitwa Bwana Ndimbo. Ana kofia tano. Akivaa ya kijani, ni Kulisha. Nyeupe, Kufua. Buluu, Usafiri. Nyekundu, Adui. Nyeusi, Maeneo Yaliyokombolewa. Nilimtazama kwa muda mrefu kabla sijaelewa, maana mwanzoni nilidhani kichwa kinamuuma.

*

Alikuja Mkongoro, ndicho kijiji chetu, asubuhi ya Alhamisi, akiwa na kofia nyekundu. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda mashamba ya miwa, kwa hiyo waliokusanyika ni wanawake na wazee watatu. Akatutazama, akaridhika.

"Hongereni," akasema. "Mmechaguliwa kuwa adui."

"Adui wa nani?" akauliza Bi. Mashavu.

"Wa taifa."

"Tumefanya nini?"

"Hamjafanya kitu, mama. Ndiyo maana tunawaajiri. Waliofanya kitu tunawakamata."

Akagawa fulana nyekundu zilizoandikwa ADUI mgongoni. Zilikuwa nzito, nzuri kwa baridi ya alfajiri. Bi. Mashavu alichukua mbili akasema ya pili ni ya harusi ya mpwa wake. Kisha tukasomewa kazi. Adui atashangaa anaposhambuliwa. Adui atafoka mara tatu kwa siku, kwa ukali unaoridhisha. Adui atashindwa siku ya pili kabla ya saa kumi jioni, ili magari yawahi kurudi. Kila kaya itapata mche wa sabuni.

"Sasa nataka jemadari," akasema Bwana Ndimbo. "Nani anajua kusoma?"

Wote wakanigeukia.

"Sikudhani huyo," wakasema, wakitaja jina langu.

"Umefika wapi, binti?"

"La saba."

Akapekua daftari lake. "Jemadari wa adui: darasa la saba, asizidi. Akizidi atashinda." Akafunga. "Safi kabisa. Tabia yake?"

"Mpole huyo," Bi. Mashavu akasema. "Kuku akimdonoa anamwomba radhi."

"Ndivyo tunavyomtaka."

Akanitolea karatasi kumi na nne zilizobanwa pamoja. Juu yake paliandikwa FOMU YA KUSHINDWA. Akanipa na kalamu, akanionyesha mstari wa mwisho wa karatasi ya mwisho. Alisema nitie saini sasa, kabla ya vita, ili siku yenyewe tusisumbuane.

Mimi nikarudi karatasi ya kwanza.

"Dada, hiyo siyo ya kusomwa."

"Imeandikwa, lakini."

"Imeandikwa ili ionekane imeandikwa."

Nasoma polepole, kidole chini ya mstari, kama nilivyofundishwa. Bwana Ndimbo alikaa, akasimama, akafuata kivuli cha nyumba kikamhama mara mbili. Watu wakaenda mtoni wakarudi. Karatasi ya tatu ilisema vita havitahesabiwa vimekwisha mpaka jemadari wa adui atie saini kwa hiari yake mwenyewe. Nikaiweka hiyo kichwani. Karatasi ya kumi na moja ikasema: *Eneo lote la adui aliyeshindwa, pamoja na nyumba, mashamba, chemchemi na vyote vinavyoota humo, litakuwa limekombolewa, na litakaa chini ya Kitengo cha Maeneo Yaliyokombolewa daima.*

Nikairudia hiyo mara tatu.

"Daima ni siku ngapi?" nikauliza.

Bwana Ndimbo akavua kofia nyekundu, akavaa nyeusi. "Hiyo ni lugha ya kitaalamu tu."

"Nikitia saini, nyumba aliyoniachia mama siyo yangu tena?"

"Itakuwa imekombolewa."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa adui."

"Adui si mimi?"

"Ahaa!" akasema kwa furaha. "Sasa tunaelewana."

Nikaikunja ile fomu, nikaifunga kwenye upindo wa kanga, kiunoni. Nikamwambia nitatia saini nikishindwa.

"Utashindwa Jumanne," akasema.

"Basi tuonane Jumanne."

*

Nyumba yenyewe, ukiiona, hutasema ni kitu cha kupigania. Vyumba viwili, na shamba la mama nyuma yake linaloshuka hadi kwenye chemchemi. Mama alilifyeka peke yake, mimi nikiwa mgongoni. Katikati pana kisiki cha mkuyu kilichomshinda. Alilima kukizunguka miaka kumi na minane, mistari yote ikapinda hapo, na mimi nikilima napinda vilevile. Kijiji kizima kinateka maji pale chini. Hayo tu. Ndiyo yaliyokuwa ndani ya karatasi ya kumi na moja.

Niliwasomea wenzangu jioni hiyo hiyo. Mzee mmoja akauliza, kama hatutaki kushindwa, tutashindana na jeshi kwa silaha gani, michi?

"Hatushindani," nikasema. "Hatutii saini tu."

Bi. Mashavu akacheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe! Kutofanya kitu? Mwanangu, kwa hilo Mkongoro hatuna mpinzani."

*

Jumatatu jeshi likaja. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Mbele yake alikuwa Kanali Kihampa, mwenye sharubu zilizochanwa na kipaza sauti begani. Risasi zilikuwa za mlio tu, lakini zililia vizuri, mbuzi wa watu wakakimbilia kata ya pili.

Sisi tukashangaa, kama mkataba unavyotaka. Kisha tukafoka.

"Nyie wanaume wazima mmejivika majani kama mbuzi aliyetoroka na matembele ya watu!"

"Wewe mrefu! Toka kwenye muhogo wangu! Hiyo siyo ngome, hicho ni chakula!"

"Mama yako anajua uko wapi saa hizi?"

"Anajua, shikamoo," akajibu askari mmoja kutoka kichakani, naye akaonywa na Kanali kwa kumwamkia adui.

Kufikia saa sita walikuwa wameteka shule, chemchemi, njia panda, mti wa mkutano, na kuku wa Bi. Mashavu. Kanali akaja hadi nilipokaa, akapiga saluti.

"Jemadari wa adui, umeshindwa. Tia saini."

"Sijashindwa, Kanali."

"Nimeteka kijiji chako chote."

"Nimeona. Lakini mimi nipo."

Akafungua kitabu cha mwongozo. Akasoma, sharubu zikashuka. Kilisema jemadari wa adui ni mali ya kampuni, asipigwe, asifungwe, asikwaruzwe, na akiharibika jeshi litalipa. Akanitazama kama mtu anayetazama sahani ya kuazima. Akaondoka kuteka chemchemi mara ya pili.

Kumbe shida yao kubwa haikuwa mimi. Ilikuwa njaa. Chakula cha jeshi kilikuwa kwenye lori, na lori lilikuwa barabarani, hatua mia mbili kutoka hapo. Bwana Ndimbo, kwa kofia ya kijani, aliandika barua kwa Kitengo cha Usafiri akiomba chakula kipelekwe. Akavaa ya buluu, akaisoma, akajibu kwamba gari la kampuni haliwezi kuingia eneo la adui bila kibali cha Kitengo cha Adui. Akavaa nyekundu. Hapo alikaa akifikiri sana. Mwisho akajibu kwamba, kwa masikitiko, adui hawezi kuruhusu chakula kwa jeshi linalomshambulia; ni kinyume cha maadili ya uadui. Akajikatalia, akagonga muhuri, akavaa ya kijani akasikitika.

Nilikuwa namtazama. Hakuna hata barua moja aliyoandika uongo ndani yake. Ni mwaminifu yule.

*

Saa tisa mchana nikasikia mtu mlangoni.

"Hodi."

Alikuwa koplo mmoja, jina lake Tabwe. Amevua majani, ameshika kofia ya chuma kifuani kama bakuli. Na mimi, kabla sijafikiri vita wala amani, mdomo ulikwishasema: "Karibu."

Sasa ukishasema karibu umekwisha. Huwezi kumwambia mtu karibu kisha umwambie wewe ni jeshi la serikali. Nikampa kiti, maji ya kunawa, ugali na mlenda. Akala bila kuinua macho. Akashukuru, akatoka. Baada ya muda mfupi nikasikia hodi arobaini, katika milango yote ya Mkongoro.

Kanali alivumilia mpaka saa kumi na moja. Alikuwa amesimama kwenye njia panda aliyoiteka, peke yake, akitangaza kwa kipaza sauti kwamba adui amezingirwa. Ndipo Bi. Mashavu akaanza kukaanga dagaa upande unakotoka upepo.

"Hodi," kikasema kipaza sauti.

Jumanne mambo yakawa yale yale. Asubuhi walituteka, mchana walikula, saa kumi ikapita, magari hayakuwahi kurudi popote. Kanali alinitangazia nisalimu amri, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa, sikuelewa vizuri, nikamwambia amalize kwanza.

Ikaja Jumatano.

Kwetu, na nadhani hata kwenu, mgeni ni siku mbili. Siku ya tatu habembelezwi, anapewa jembe. Si adhabu. Ni kumwambia tumekuzoea, sasa wewe ni wa hapa. Mgeni akikataa jembe ametukana nyumba na chakula alichokula humo. Wala hatukupanga. Naapa hatukufanya hata kikao. Alfajiri kila mwenye mgeni alitoka na jembe, akaliegemeza mlangoni, kama ambavyo angefanya kwa shemeji yake.

Koplo Tabwe aliliona langu. Akalitazama. Akahesabu siku kwa vidole.

"Hata kwetu ni hivyo hivyo, dada," akasema. Akaegemeza bunduki ukutani mwa ghala, akachukua jembe. Wenzake nao wakaegemeza zao pale, moja baada ya nyingine, wakazipanga kwa urefu maana ndivyo walivyozoeshwa.

Kanali akatoka na povu la mswaki mdomoni.

"Hii ni amri ya nani?"

"Ya siku ya tatu, afande," akasema Tabwe.

"Mimi sijatoa amri ya siku ya tatu!"

"Hapana, afande. Ilikuwepo."

Bi. Mashavu akamsogelea Kanali, taratibu, jembe mkononi.

"Mama, mimi ni Kanali."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana wewe tumekuwekea lenye mpini mpya."

Kanali alilishika kama ushahidi. Akatazama juu, akatazama vikosi vyake vikishuka bondeni kwa mstari mmoja, vikiimba. Akauliza kama kuna sehemu ya shamba isiyoonekana kutoka barabarani.

Walilima vizuri sana. Jeshi letu lina nidhamu, watu hawalijui tu. Walianza shamba la Bi. Mashavu, wakaja langu, wakafika kwenye kile kisiki cha mkuyu. Nikasema pindeni hapo. Koplo Tabwe akasema hapana, dada, kitengo cha uhandisi kipo. Watu wanane, nusu siku. Kilipong'oka nilikaa chini. Sikulia. Nilitazama tu lile shimo.

*

Ijumaa tukasikia habari redioni. Makao makuu yalitangaza kwamba vikosi vyetu shupavu, vikisonga mbele dhidi ya adui mkaidi, vimejenga maboma ya udongo mia tatu na sitini, yaliyonyooka, yenye kina cha kutosha, na kwamba juu ya maboma hayo imepandwa mitego ya kijani inayotambaa.

Yale yalikuwa matuta ya viazi vitamu.

Siku hiyo hiyo Bwana Ndimbo alipokea barua mbili kutoka kampuni. Moja ya kofia nyekundu: Kitengo cha Adui kinapongezwa, hakijawahi kupatikana adui aliyedumu hivi, na wateja wa nchi nyingine wameanza kuulizia adui wa aina hiyo. Nyingine ya kofia nyeusi: Kitengo cha Maeneo Yaliyokombolewa kinaonywa kwa mara ya mwisho, eneo halijakombolewa, ramani za mabwawa ya samaki ya Mheshimiwa fulani zimeshachorwa kuanzia kwenye chemchemi. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, kofia moja kwenye goti la kulia, nyingine la kushoto, akizitazama kama mzazi wa mapacha wanaopigana.

"Dada Sikudhani," akasema. Safari hii hakuvaa yoyote. Kichwa kilikuwa na upara mdogo, wa huruma. "Nisikilize kama ndugu. Kuna adui wa mkataba na kuna adui wa kweli. Wa mkataba anapewa sabuni. Usiposaini, watasema wewe siyo wa mkataba tena."

"Watasema ni wa kweli?"

"Watasema."

"Adui wa kweli anatakiwa asaini nini?"

Akafikiri. "Hasaini kitu. Hana fomu."

"Basi afadhali huyo," nikasema.

Akaniuliza, "Huogopi?"

"Naogopa, Bwana Ndimbo. Nimeogopa tangu Alhamisi ile. Lakini naona kuogopa hakuzuii mtu kukaa alipokaa."

Hakuwa na kofia ya kujibia hilo. Akaondoka.

*

Siku ya tisa akaja Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Alikuja kwa helikopta, ikatua kwenye matuta ya mzee mmoja, na mzee akafoka hata kabla ya zamu yake ya kufoka. Bendi ilikuja kwa barabara. Askari wakapangwa, matope magotini. Sisi tukapangwa upande wa pili na fulana zetu. Katikati wakaweka meza, kitambaa cha kijani, ua la plastiki, na kalamu ya dhahabu ndani ya kisanduku.

Mheshimiwa akahutubia.

"Ndugu askari, ndugu adui. Leo ni siku tukufu. Ushindi wetu umekamilika kwa asilimia tisini na tisa. Asilimia moja iliyobaki," akaninyooshea kidole, akatabasamu kwa magazeti, "ni binti huyu. Mnaona serikali ilivyo na subira? Tumekuja na kalamu badala ya bomu. Binti, njoo. Usiogope. Kushindwa na serikali yako ni heshima, ni kama kuchapwa na baba."

Bendi ikapiga kidogo. Nikaenda. Nikafungua upindo wa kanga, nikaiweka ile fomu mezani. Ilikuwa imelowa jasho na kukauka mara nyingi, ikawa kama mkate wa kusukuma. Mheshimiwa akanipa kalamu.

"Mheshimiwa, karatasi ya kumi na moja umeisoma?"

"Nina watu wa kunisomea."

"Waliisoma?"

Akamtazama Katibu wake. Katibu akamtazama Bwana Ndimbo. Bwana Ndimbo akashika kofia zote tano kifuani.

"Binti," Mheshimiwa akasema, kwa sauti ya chini sasa, ile isiyo ya magazeti. "Kuna njia nyingine. Unajua hilo?" Akageuka. "Kanali! Vita vianze upya. Na safari hii muwatoe nje ya eneo. Wote. Na vyombo vyao."

Kanali Kihampa akapiga hatua moja mbele. Mikono yake ilikuwa na malengelenge, niliyaona alipopiga saluti. Sharubu hazikuwa zimechanwa siku nyingi.

"Mheshimiwa," akasema, "tumekula kwao."

"Nini?"

"Tumekula kwao, Mheshimiwa. Siku tisa. Na wametupa majembe."

"Hilo linahusiana nini na amri yangu?"

Kanali aliona aibu, nadhani, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya mtu mzima anayeuliza swali hilo mbele za watu. Katika safu nzima ya askari hakuna aliyesogea. Koplo Tabwe alikuwa anatazama mbele. Mwenye ngoma kubwa ya bendi akaiweka chini, polepole, isilie.

Nikairudisha ile kalamu mezani. Kisha nikatoa karatasi yangu. Ni karatasi moja tu, ya daftari la mistari, niliiandika mwenyewe siku tatu nikifuta na kuandika. Mwandiko ulikuwa mkubwa na nilikuwa naujua.

"Mheshimiwa, hii haina karatasi kumi na nne," nikasema. "Hata wewe mwenyewe utaweza kuisoma."

Nyuma yangu Bi. Mashavu akaguna, "Mm!"

Nikasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari: "Sisi watu wa Mkongoro tulikubali kuwa adui kwa siku mbili. Hatukukubali kuwa wageni kwetu. Nyumba ni zetu, mashamba ni yetu, chemchemi ni ya kila mwenye kiu, hata wewe. Tunaomba Mheshimiwa Waziri aandike hapa chini, kwa mkono wake, kwamba Mkongoro haijatekwa na mtu yeyote, na kwamba haikuwa ya kutekwa."

Nikaiweka juu ya kitambaa cha kijani, juu ya fomu yao. Nikaigeuza imwelekee yeye. Nikaisogeza kalamu.

Mheshimiwa aliitazama karatasi. Akatazama saa. Akawatazama waandishi, nao walikuwa wameinua kamera. Akamtazama rubani, na rubani akatazama matuta, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga. Askari arobaini na wanawake wa Mkongoro wote wakawa wanamtazama yeye.

Nikasubiri. Kusubiri nakujua.

Alipokaa muda mrefu bila kusema kitu, nikadhani labda hakusikia vizuri kwa ajili ya upepo. Kwa hiyo nikamwambia tena, polepole, neno moja moja:

"Mheshimiwa, tunaomba uandike hapa."